Upofu wa Theluji: Maana ya Dhana na Tajiriba ya Aliyepatwa

Ikisiri

Makala hii inafafanua upofu wa theluji kwa kuutazama kutoka pande mbili: maana ya dhana yenyewe na tajiriba ya mtu aliyepatwa nao. Hoja kuu ni kwamba jina la hali hii linapotosha mara mbili. Kwanza, si upofu kwa maana ya kawaida ya neno hilo, kwa kuwa jicho halipotezi uwezo wake wa kuona, bali hushindwa kufunguliwa kutokana na maumivu. Pili, hausababishwi na theluji yenyewe, bali na mionzi ya urujuanimno ambayo theluji huirudisha usoni. Upotoshaji huo una madhara, kwa kuwa anayeifahamu hatari kwa jina lake tu huvua kinga yake mahali asipoona theluji. Mifano imetolewa katika safari za Antaktika na Everest mwanzoni mwa karne ya 20, katika maarifa ya Wainuiti na Watibeti, na katika mazingira mawili ya Afrika Mashariki: kilele cha Kilimanjaro na karakana za kuchomelea vyuma. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna istilahi hii inavyoweza kutumika katika Kiswahili bila kupoteza onyo lililomo ndani yake.

Istilahi muhimu: upofu wa theluji, konea, mionzi ya urujuanimno, kiwi, Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Theluji si sehemu ya maisha ya kila siku ya wazungumzaji wengi wa Kiswahili. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na jirani yake wa karibu, barafu, limetokana na neno la Kiajemi ambalo huko kwao humaanisha theluji. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa njia aliuita weupe huo baridi tu. Jibu hilo lilitaja kile ambacho mwili hukihisi mahali pale, wala halikuwa la kipuuzi. Hata hivyo, linaonyesha kwamba lugha huanza kukitaja kitu kigeni kwa sifa iliyo dhahiri zaidi, na sifa hiyo inaweza kuacha nje jambo lenye uzito mkubwa.

Hali hiyo ndiyo iliyolipata jina upofu wa theluji. Jina hili limeingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, nalo hutaja mambo mawili yaliyo dhahiri kwa mtazamaji wa nje: mtu haoni, na alikuwa kwenye theluji. Kilichoachwa nje ni sababu halisi pamoja na namna mgonjwa mwenyewe anavyoipitia hali hiyo. Makala hii inajaribu kujaza pengo hilo. Inaanza na mipaka ya dhana, inaendelea na namna jicho linavyodhurika, kisha inachunguza tajiriba ya waliopatwa, kinga walizobuni wakazi wa nchi za theluji, na mwisho mahali dhana hii inapoyagusa mazingira ya Afrika Mashariki.

2.0 Maana ya Dhana

2.1 Jina na Mipaka Yake

Kitabibu, upofu wa theluji ni kuungua kwa tabaka la nje la konea, yaani kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, kunakosababishwa na mionzi ya urujuanimno. Istilahi ya wataalamu ni fotokeratiti, nayo haitaji theluji wala upofu. Hutaja mwanga na uvimbe wa konea. Kwa hiyo istilahi hiyo inajumuisha pia fundi aliyetazama cheche za mtambo wa kuchomelea bila kinyago, pamoja na mtu aliyekaa karibu na taa ya urujuanimno inayotumika kuua vijidudu. Madhara yao ni yaleyale, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeona theluji.

Kiswahili kina msamiati mpana kuhusu kutoona. Kipofu ni asiyeona kabisa. Mwenye chongo amepoteza jicho moja. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoziba lenzi. Liko pia neno kiwi, linalotaja hali ya macho kushindwa kuona kwa muda kutokana na mwanga mkali. Mtu atokaye katika chumba chenye giza na kukutana ghafla na jua la adhuhuri huona kiwi, na baada ya muda mfupi macho yake hurejea katika hali ya kawaida. Kwa juujuu, kiwi ndilo neno linalokaribia zaidi upofu wa theluji, kwa kuwa yote mawili ni ya muda na yote mawili hutokana na mwanga.

Hata hivyo, tofauti baina yao ni ya msingi. Kiwi hutokea palepale mwanga unapoingia jichoni, nacho huondoka mwanga unapopungua. Hakiachi jeraha. Upofu wa theluji hautokei palepale, nao ni jeraha. Aidha, kiwi hutokana na mwanga unaoonekana, ilhali upofu wa theluji hutokana na mionzi isiyoonekana kabisa. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuona kiwi mara kumi kwa siku bila kudhurika, na anaweza pia kuunguza konea zake zote mbili bila kuona kiwi hata mara moja.

2.2 Hali Zinazochanganywa na Upofu wa Theluji

Hali tatu nyingine huchanganywa na upofu wa theluji, hivyo ni muhimu kuzitenganisha. Ya kwanza ni weupe mtupu, hali ya hewa ambapo mwanga uliotawanywa na mawingu hulingana na mwanga unaorudishwa na theluji hadi vivuli vyote na mstari wa upeo wa macho hutoweka. Hapa jicho ni zima, lakini halina cha kushika. Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya abiria ya New Zealand iliugonga mlima Erebus huko Antaktika na kuua watu wote 257 waliokuwamo. Mteremko mweupe uliokuwa mbele ya marubani haukutofautishika na anga. Macho yao hayakuwa na ugonjwa wowote.

Ya pili ni madhara ya retina yanayompata mtu anayelikodolea macho jua lenyewe, kwa mfano wakati wa kupatwa kwa jua. Madhara hayo huwa nyuma ya jicho, mara nyingi hayana maumivu, na yanaweza kudumu. Ya tatu ni mabadiliko ya uoni yanayoletwa na kimo chenyewe. Mwaka 1996 Beck Weathers alipoteza uwezo wa kuona alipokuwa akipanda Everest kwa sababu konea zake, zilizowahi kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha uoni, zilibadilika umbo kutokana na uhaba wa hewa. Alikuwa amezungukwa na theluji, lakini tatizo lake halikuwa upofu wa theluji. Mifano hii mitatu inadhihirisha kwamba kuwa haoni na kuwa kwenye theluji, hata yakitokea pamoja, hayatoshi kuifafanua dhana.

3.0 Namna Mionzi Inavyodhuru Konea

Mionzi ya urujuanimno iligunduliwa na Johann Wilhelm Ritter mwaka 1801. Uhusiano wake na upofu wa theluji ulithibitishwa baadaye sana, mwaka 1889, kwa majaribio ya daktari wa macho wa Uswidi, Johan Widmark. Kabla ya hapo lawama ilitupiwa weupe wa theluji, baridi au upepo.

Sehemu ya mionzi hiyo inayohusika zaidi na madhara ya jua kwenye konea ni ile yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 280 hadi 315. Konea huinyonya kwa kiasi kikubwa, na kwa kufanya hivyo hulinda lenzi na retina zilizo nyuma yake. Gharama ya ulinzi huo hulipwa na tabaka la nje la konea, ambalo unene wake ni takribani sehemu ya ishirini ya milimita. Nishati ya mionzi huharibu vinasaba na protini za seli. Seli zilizoharibika hazifi mara moja. Huanza mchakato wa kujiua kwa utaratibu, na baada ya saa kadhaa hulegea na kubanduka. Hapo ndipo ncha za neva zilizokuwa zimefunikwa hubaki wazi, na konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi kuliko zote. Kila ukope unapopita juu yake huzikwangua neva hizo.

Kinga za asili za jicho hazifai kitu katika mazingira haya. Mboni hujifinya mwanga unapokuwa mkali, lakini konea ipo mbele ya mboni, hivyo kufinywa kwa mboni huilinda retina tu. Paji la uso, nyusi na kope za juu hulikinga jicho na jua la juu, ndiyo maana mkulima anayeshinda shambani kutwa nzima hapatwi na hali hii: majani na udongo hurudisha chini ya asilimia 10 ya mionzi ya urujuanimno. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha takribani asilimia 15, na povu la bahari takribani asilimia 25. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80. Kwa maneno mengine, aliye juu ya theluji hupigwa na jua mara mbili, na pigo la pili hutoka chini, upande ambao uso wa mwanadamu haukujengewa kinga.

Mambo mawili huongeza hatari hiyo. La kwanza ni kimo: mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. La pili ni wingu jepesi. Wingu hilo hupunguza mng'ao na joto, lakini huruhusu sehemu kubwa ya mionzi kupita. Msafiri huacha kukunja uso, huona miwani ni mzigo, na huivua. Tofauti na ngozi, ambayo hujiongezea rangi inapozoea jua, konea haijengi ukinzani. Mwenyeji na mgeni huungua vilevile.

4.0 Tajiriba ya Aliyepatwa

4.1 Saa za Ukimya

Sifa inayoupa upofu wa theluji ukatili wake ni kuchelewa. Baina ya kuungua na kuumwa hupita kwa kawaida saa 6 hadi 12. Katika muda huo mtu huona vizuri, hutembea na hujisifu kwamba macho yake ni imara. Maumivu, ambayo kwa kawaida humwambia mwanadamu aondoe mkono motoni, huja baada ya mkono kuwa umekwisha kuungua. Wahenga waliposema majuto ni mjukuu hawakuwa na theluji akilini, lakini methali hiyo inaeleza vyema mpangilio wa matukio katika ugonjwa huu.

Dalili huanza kwa hisia ya mchanga machoni. Mgonjwa hujaribu kuutoa kwa kusugua, na kusugua huongeza jeraha. Hufuata machozi yasiyokatika, wekundu, kuvimba kwa kope, na kutovumilia mwanga hata ule wa mshumaa. Kisha kope hujifunga kwa mkazo usiotii amri ya mwenyewe. Hapa ndipo maana ya neno upofu inapopaswa kuchunguzwa. Akilazimishwa kufungua jicho, mgonjwa huona, ijapokuwa kwa ukungu. Giza lake ni giza la kope zilizofungwa. Jicho linaweza kuona lakini mwili unakataa, na kukataa huko ni sehemu ya uponyaji wake. Kwa kawaida tabaka lililobanduka huota upya ndani ya saa 24 hadi 72, na uoni hurejea kamili.

Kwa aliye nyumbani, siku mbili za kufumba macho ni mateso yenye mwisho. Kwa aliye kwenye barafu umbali wa majuma kutoka kambini, au juu ya mwamba mwembamba, siku mbili zinaweza kuwa ndizo zote alizobakiza. Kwa hiyo uzito wa ugonjwa huu haupimwi kwa ukubwa wa jeraha pekee, bali kwa mahali mgonjwa alipo na kwa watu alio nao.

4.2 Edward Wilson: Kuona kwa Macho ya Mwenzake

Mwishoni mwa Desemba 1902, Robert Falcon Scott, Ernest Shackleton na Edward Wilson walikuwa wakivuta magari ya theluji kuelekea kusini katika Antaktika. Wilson alikuwa daktari na pia mchoraji wa msafara. Kazi ya kuchora milima iliyokuwa haijapata kuonwa na binadamu ilimtaka atazame sana, naye alitazama bila kinga ya kutosha. Matokeo yake yalikuwa maumivu makali kiasi cha kuhitaji matone ya kokeini machoni.

Safari haikusimama. Wilson alifungwa kitambaa machoni na kuendelea kuvuta akiwa kwenye skii, akiongozwa na mvutano wa kamba na sauti za wenzake. Scott alimsimulia milima mipya kadiri ilivyojitokeza. Tukio hili linafunua mgeuko wa hali: aliyekwenda kuwa jicho la msafara alilazimika kuazima macho ya mwingine, na kilichompofusha ni bidii ya kazi yake. Linafunua pia kwamba upofu wa theluji ni tajiriba ya watu wawili au zaidi. Anayeona hulazimika kugeuza alichokiona kuwa maneno, na asiyeona hulazimika kuamini.

4.3 Edward Norton: Kuagana bila Kuonana

Tarehe 4 Juni 1924 Edward Norton alifika kimo cha takribani mita 8,570 katika Everest bila hewa ya chupa. Kwa kuwa njia yake ilipita juu ya miamba zaidi kuliko theluji, na kwa kuwa ukingo wa miwani ulimzuia kuona vizuri pa kukanyaga, aliivua. Jioni aliteremka hadi kambi ya North Col. Usiku huo macho yakaanza kuuma, na kwa muda wa takribani saa 60 hakuona kitu.

Norton ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Asubuhi ya tarehe 6 Juni, George Mallory na Andrew Irvine walipoondoka kambini kwa jaribio lao la mwisho, yeye alikuwa amelala hemani macho yamefumba. Aliwaaga kwa mikono na sauti. Siku hiyohiyo yeye mwenyewe aliongozwa kuteremka. Mallory na Irvine hawakurudi.

Mfano huu una funzo la kidhana ambalo halipaswi kupita bila kutajwa. Norton hakuwa mgeni wa milima, wala hakukosa miwani. Alikuwa juu ya miamba, na jina la ugonjwa aliouogopa lilitaja theluji. Kwenye kimo kile mionzi iliyotoka angani pamoja na ile iliyorudishwa na theluji ya jirani ilitosha. Haiwezi kudaiwa kwamba jina pekee ndilo lililomfanya avue miwani, kwani alikuwa pia na sababu ya miguu yake. Lakini hesabu ya hatari aliyoifanya ni ileile ambayo jina hilo humfundisha kila anayelisikia.

5.0 Maarifa ya Kinga

Hatari hii ilijulikana maelfu ya miaka kabla ya chanzo chake kujulikana. Mwandishi Mgiriki Xenophon, alipoeleza safari ya askari mamluki waliovuka milima ya Armenia katika majira ya baridi ya mwaka 401 hadi 400 kabla ya Kristo, alitaja askari walioharibiwa macho na theluji, na akaeleza kwamba nafuu ilipatikana kwa kuweka kitu cheusi mbele ya macho wakati wa kutembea.

Maarifa yaliyokomaa zaidi ni ya Wainuiti na jamii nyingine za Aktiki. Walichonga miwani isiyo na kioo kutokana na pembe za kulungu wa kaskazini, mifupa, meno ya walrasi au mbao zilizoletwa na maji. Kipande hicho kilichongwa kifuate umbo la uso wa mvaaji ili mwanga usipenye pembeni wala chini, kisha kikatobolewa ufa mwembamba wa mlalo mbele ya kila jicho. Mara nyingi upande wa ndani ulipakwa masizi ili kupunguza mng'ao. Kifaa hiki kina faida ambazo kioo hakina. Hakipati ukungu wala kuganda kwa pumzi ya mvaaji. Ufa wake huruhusu mwanga kidogo tu kutoka mbele, na kwa kupunguza mwanga unaotawanyika huweza kuufanya uoni wa mbali kuwa mkali zaidi. Gharama yake ni kupungua kwa eneo linaloonekana juu na chini, jambo linalomlazimu mvaaji kuinamisha kichwa aone anapokanyaga.

Watibeti, kwa upande wao, walisuka vifuniko vya macho kwa manyoya ya yaki. Malighafi ni tofauti, lakini kanuni ni ileile: kupunguza mwanga kutoka pande zote bila kuziba njia yote. Jamii hizi hazikuwa na neno la mionzi ya urujuanimno. Hata hivyo, zilikwisha kutambua kwamba hatari hutoka chini na pembeni kama inavyotoka juu, jambo ambalo miwani ya jua ya mtindo wa mjini, yenye nafasi wazi kandokando, bado hailizingatii.

6.0 Kilimanjaro na Karakana

Kilimanjaro kipo takribani digrii tatu kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima. Kwa kadirio la asilimia 10 kwa kila mita 1,000, mionzi ya urujuanimno kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni zaidi ya ile ya usawa wa bahari kwa kiasi kinachozidi nusu. Barafu ya mlima huu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na jambo hilo linaweza kumfanya mpandaji adhani hatari imepungua kwa kiasi hichohicho. Dhana hiyo si sahihi. Theluji mpya huweza kuanguka kileleni na kufunika mwamba kwa usiku mmoja, na mionzi itokayo angani haikupungua.

Ratiba ya kupanda nayo ina mtego wake. Kwa kawaida wapandaji huondoka kambi ya mwisho, kama vile Barafu au Kibo, karibu na saa sita ya usiku ili wafike kileleni alfajiri. Wakati wa kufunga mizigo ni giza, na miwani ya jua huonekana kuwa kitu cha mwisho kuhitajika. Jua likichomoza wapo juu, na safari ya kushuka hufanyika katika mwanga mkali wa asubuhi. Mchana huohuo wengi huteremka hadi kambi za chini msituni. Kwa kuzingatia kuchelewa kwa saa 6 hadi 12, maumivu huanza jioni au usiku, mahali penye miti na kivuli ambapo hakuna theluji hata chembe. Mgonjwa anaweza kulaumu vumbi, moshi au mafua. Hatari hii inamhusu mgeni na vilevile waongozaji na wapagazi, ambao hurudi mlimani safari baada ya safari. Madhara yao hayaishii kwenye usiku mmoja wa maumivu, kwa kuwa kupigwa na mionzi hii kwa miaka mingi huhusishwa na mtoto wa jicho na kuota kwa nyama juu ya weupe wa jicho.

Mazingira ya pili ni ya kawaida zaidi. Katika karakana za kuchomelea vyuma, zilizojaa kandokando ya barabara za miji ya Afrika Mashariki, mwali wa umeme hutoa mionzi ya urujuanimno yenye nguvu kiasi kwamba hata muda mfupi wa kuutazama kwa karibu unaweza kutosha. Fundi mwenye kinyago amejikinga, lakini kijana anayemshikia chuma kwa kugeuza uso pembeni hajajikinga, wala mtoto anayesimama kutazama cheche. Usiku wao hufanana na usiku wa Norton kwa kila dalili: mchanga machoni, machozi, kope zisizofunguka. Ikiwa ugonjwa huu utajulikana kwa jina la theluji pekee, hawa hawatajitambua ndani yake.

7.0 Tiba na Makosa Yake

Tiba ya upofu wa theluji ni nyepesi kuliko maumivu yake. Mgonjwa huondolewa kwenye mwanga, huvuliwa lenzi za kubandika kama anazo, hukandwa kwa kitambaa baridi juu ya kope zilizofumbwa, na hupewa dawa ya kumeza ya kutuliza maumivu. Mganga anaweza kuongeza mafuta ya kulainisha jicho au ya kuzuia maambukizi. Kwa kutumia rangi ya fluoresini na mwanga wa buluu, huonekana vitone vingi vidogo juu ya konea, kila kimoja kikiwa mahali seli zilipobanduka.

Kosa la kwanza ni kusugua. La pili ni kuendelea kutumia matone ya ganzi. Uwezo wa kokeini kulitia jicho ganzi ulionyeshwa na Karl Koller huko Vienna mwaka 1884, na kwa wasafiri wa kizazi cha Wilson matone hayo yalikuwa nafuu kuu. Leo mgonjwa hapewi matone ya ganzi ajitumie mwenyewe, kwa sababu yakirudiwa huchelewesha kuota kwa tabaka jipya na humfanya asihisi jeraha linapozidi. Asiyekuwa na miwani na ambaye hana budi kuendelea na safari anaweza kukata kipande cha boksi au kitambaa kizito, akatoboa ufa mwembamba na kukifunga usoni. Kwa kufanya hivyo atakuwa amerudia ubunifu wa Wainuiti.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba upofu wa theluji ni kuungua kwa konea kunakosababishwa na mionzi isiyoonekana, kunakochelewa kujitambulisha, na kunakopona kwa kawaida ndani ya siku tatu. Si upofu, kwa kuwa jicho linabaki na uwezo wake. Na si wa theluji peke yake, kwa kuwa mwamba wa kimo kikubwa na mwali wa kuchomelea huzaa matokeo yaleyale. Tajiriba za Wilson na Norton zimedhihirisha kwamba kinachompata mgonjwa si giza tu. Humpata pia utegemezi: wa kamba, wa sauti, na wa mkono wa mwenzake.

Kwa upande wa istilahi, haipendekezwi kuliacha jina upofu wa theluji, kwa kuwa limekwisha kukita mizizi na lina historia yake. Kinachopendekezwa ni kwamba katika maandishi ya afya, katika maelekezo kwa wapandaji na wafanyakazi wa mlimani, na katika mafunzo ya ufundi, jina hilo liambatane na maelezo "kuungua kwa konea". Maelezo hayo yanataja mahali palipoumia na aina ya jeraha, nayo yanamfaa mpagazi wa Kilimanjaro na kijana wa karakana kwa kiwango kimoja. Aidha, neno kiwi lisitumike kama kisawe chake, kwa sababu kiwi humwambia mtu kwamba akisubiri kidogo yatapita, ilhali katika hali hii saa anazojiona mzima ndizo saa ambazo jeraha limekwisha kuingia.